Nyumba niliiuza mwenyewe, mbona dalali ananidai?

Swali: "Nilimpa dalali nyumba yangu aiuze, tukatia saini mkataba wa miezi mitatu. Alileta watu wanne kuitazama, hakuna hata mmoja aliyetaja bei. Miezi mitatu ilipokwisha nikamwandikia kwamba sitaendelea naye. Wiki saba baadaye mwanamume mmoja akanipigia simu mimi mwenyewe, akaja, tukaelewana, akanunua. Dalali hakuwepo hata siku moja. Sasa ameniletea ankara ya kamisheni nzima. Anasema mnunuzi wangu ni shemeji wa mmoja wa wale watu wanne, tena aliliona bango lake getini. Mnunuzi anakiri ushemeji, ila anasema hajawahi kuzungumza na dalali huyo. Mume wangu anasema tusilipe chochote. Kaka yangu anasema mnunuzi ndiye alipe, au angalau tugawane naye. Nani anadaiwa hapa?"

Jibu:

Dada, nianze na hoja ya kaka yako kwa sababu ndiyo nyepesi. Mnunuzi wako hadaiwi na dalali huyo. Hakumtuma kazi, hakutia saini karatasi yake, hakumwahidi kitu. Kamisheni ni deni la mkataba, na mkataba huwabana waliouingia. Kama kwenye makubaliano yenu ya mauzo hamkuandika kwamba atachangia gharama za udalali, kumrudia leo na kumwambia atoe nusu ni kumwomba zawadi. Anaweza kukupa, watu wema wapo, lakini huwezi kumdai.

Kaka yako hakuota tu, namwelewa. Ziko nchi ambako mnunuzi hulipa sehemu ya kamisheni, na huenda ndiko alikosikia. Ujerumani, katika baadhi ya majimbo, muuzaji alikuwa akimwita dalali halafu bili yote inamwangukia mnunuzi. Tangu tarehe 23 Desemba 2020 sheria yao inasema kwamba, kwa fleti au nyumba ya familia moja inayonunuliwa na mtu wa kawaida, aliyemwita dalali hawezi kumtwisha mwenzake zaidi ya nusu, na huyo mwenzake halazimiki kutoa kitu mpaka aonyeshwe kwamba aliyemwita amekwisha kulipa sehemu yake. Marekani nako, baada ya chama kikubwa cha madalali wa nyumba kumaliza kesi kwa mapatano, tangu tarehe 17 Agosti 2024 dalali anayemsaidia mnunuzi hutakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi naye kabla ya kumpeleka kutazama nyumba, na malipo yake yawe yametajwa humo. Kote huko, lakini, mnunuzi anayelipa ni mnunuzi aliyekubali kulipa. Wako hakukubali.

Kwa hiyo kama deni lipo, ni lako wewe uliyetia saini, na mumeo kama naye alitia. Tubaki na swali la kama lipo.

Mumeo anafanya kosa ambalo nimelisikia kwa wauzaji wengi: anaona kwamba kwa vile nyumba imeuzwa bila dalali kuwepo, basi kamisheni imekufa. Dalali naye anafanya kosa la upande wa pili: alipiga picha, alisimamisha bango, alipokea simu, alipanda na kushuka na wageni wanne, basi lazima alipwe. Wote wawili wanatazama pasipo. Deni la dalali halizaliwi na jasho lake. Linazaliwa na ahadi yako, na ahadi hiyo ina sharti ndani yake: nitakulipa ikitokea jambo fulani. Jambo hilo likitokea, unadaiwa hata kama yeye alikuwa amelala. Lisipotokea, hudaiwi hata kama alivunjika mguu kwenye ngazi zako.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1941 ambayo mawakili wa nchi nyingi zinazofuata mfumo huo wa sheria bado huitaja. Dalali aliahidiwa pauni 10,000 endapo angemleta mnunuzi wa majumba ya sinema na mauzo yakakamilika. Akamleta, mtu yuko tayari na fedha zake. Wenye mali wakaghairi kuuza. Dalali akashtaki, akapanda hadi Baraza la Malodi, ambalo zama hizo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na akashindwa. Ahadi ilisema mauzo yakikamilika, hayakukamilika, hakuna deni. Jaji mmoja akakumbusha kwamba pauni 10,000 ulikuwa mshahara wa mwaka mzima wa Lord Chancellor, mkuu wa mahakama za nchi hiyo zama hizo, na huyu bwana alitaka kuzipata kwa kazi ya siku nane au tisa. Malipo makubwa namna hiyo, alisema kwa maana hiyo, yanastahili mtu kubahatisha. Ndiyo biashara ya udalali ilivyo: mara nyingi unafanya kazi bure ili siku moja ulipwe kuliko kazi uliyofanya. Dalali anayekuja na daftari la saa alizotumia anazungumzia biashara nyingine.

Toa basi mkataba wako uusome, na usome ukurasa wa nyuma kabla ya wa mbele. Kitu cha kwanza unachotafuta ni aina ya haki uliyompa. Mikataba hii hutofautiana kwa maneno lakini kwa kawaida huangukia katika mafungu matatu. Kuna ule wa kawaida, ambapo madalali kadhaa wanaweza kutafuta kwa pamoja na analipwa yule tu aliyemleta mnunuzi. Kuna wa dalali pekee: unaahidi kutompa kazi dalali mwingine, lakini wewe mwenyewe unabaki huru kumpata mnunuzi wako, na ukimpata kwa njia zako, bila yeye, hudaiwi. Halafu kuna wa haki pekee ya kuuza, na huu ndio unaowaliza watu. Katika huu unalipa nyumba ikiuzwa ndani ya kipindi cha mkataba, aliyemleta mnunuzi awe nani. Umemuuzia dada yako wa tumbo moja? Unalipa. Umemuuzia mpangaji aliyeishi humo miaka sita? Unalipa.

Tofauti ya maneno kati ya hiyo miwili ya mwisho ni ndogo mno kiasi kwamba Waingereza, kwa kanuni za mwaka 1991, waliwalazimisha madalali wanaotumia maneno hayo kumweleza mteja maana yake kwa maandishi, kwa maneno yaliyopangwa na kanuni zenyewe. Mtu aliyetunga kanuni hiyo bila shaka alikuwa amechoka kusikiliza kesi za shemeji na wapangaji.

Kwako wewe, hata hivyo, mkataba ulikuwa umekwisha. Ungekuwa umeuza ndani ya miezi mitatu, aina ya haki ingemaliza mjadala. Uliuza wiki saba baada yake, kwa hiyo kinachohesabika ni kile ninachokiita mkia wa mkataba: kifungu kinachosema kwamba hata baada ya kipindi kwisha, kamisheni italipwa kama mnunuzi ni mtu aliyeletwa na dalali katika kipindi kile, au aliyefanya naye mazungumzo katika kipindi kile.

Mkia huu si hila. Usingekuwepo, muuzaji mjanja angemwambia mnunuzi, "Subiri wiki mbili mkataba uishe, tugawane kamisheni yake." Nami nikuulize hapa hapa, tukiwa wawili: wewe na mnunuzi wako mliwasiliana, hata kwa ujumbe mmoja wa simu, kabla ya ile miezi mitatu kwisha? Kama ndiyo, mwambie wakili wako leo, usimwache aukute ujumbe huo mikononi mwa wakili wa upande wa pili. Mauzo yaliyocheleweshwa makusudi ili kumkwepa dalali yana harufu, na mahakimu wana pua.

Kama mkataba wako hauna mkia kabisa, dalali ana kazi ngumu. Itambidi aonyeshe kwamba alimleta mnunuzi huyu wakati alipokuwa bado na idhini yako, na kwamba kuja kwake ndiko kulikozaa mauzo. Si jambo lisilowezekana. Katika sheria za mfumo wa Kiingereza, ikiwa mkataba haukusema vinginevyo, huchukuliwa kwamba dalali lazima awe ndiye chanzo halisi cha mauzo, na chanzo kinaweza kuwa kilianza kazi kabla ya tarehe ya mwisho. Mahakama za Marekani zina kipimo kinachofanana sana na hicho.

Kama mkia upo, tazama urefu wake. Mkia usiokuwa na mwisho ni wa kupingwa, maana haiwezekani mtu aliyepita uani kwako mara moja akufuate na kamisheni mpaka uzeeni. Kwa kipimo tu: Uingereza, kanuni za maadili za The Property Ombudsman, chombo kinachosikiliza malalamiko dhidi ya madalali waliojiandikisha kwake, zinaweka miezi sita kama nyumba hatimaye iliuzwa kupitia dalali mwingine, na miaka miwili kama hakuna dalali mwingine aliyehusika. Angalia kwamba muda mrefu zaidi ni ule wa mauzo ya binafsi kama yako. Sababu yake inaeleweka: penye dalali wa pili yupo mtu mwingine anayeweza kuwa ndiye aliyefanya kazi, lakini mnunuzi akiibuka peke yake, uwezekano kwamba alitokana na dalali wa kwanza ni mkubwa. Wiki zako saba, kwa kipimo chochote cha namna hii, ni jana tu. Usijenge utetezi wako juu ya kalenda.

Ujenge juu ya neno "aliyeletwa". Aliletwa na nani, na aliletwa kwenye nini?

Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipata kesi inayokaribia yako. Mwanamke mmoja alipelekwa kuona nyumba na kampuni moja ya udalali, haikumvutia, akaenda zake. Baadaye kampuni nyingine ikampeleka tena kwenye nyumba ile ile, safari hii ikampendeza, yeye na mumewe wakanunua. Kampuni ya kwanza ikamdai muuzaji kamisheni: mkataba wetu unasema mnunuzi aliyeletwa nasi, na huyu sisi ndio tuliomfungulia mlango mara ya kwanza. Mahakama ikakataa. Ilisema kumleta mnunuzi maana yake ni kumleta mtu kwenye ununuzi wenyewe. Kumwonyesha mtu nyumba aliyoikataa hakutoshi. Kama mkataba ungesomwa walivyotaka wao, muuzaji wa kawaida angejikuta analipa kamisheni mbili kwa nyumba moja, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekusudia hivyo alipotia saini.

Linganisha na mambo yako. Dalali wako hakumleta mnunuzi hata kwenye nyumba, achilia mbali ununuzi. Aliyeletwa na dalali ni shemeji mtu, na shemeji mtu hakununua. Kwa upande huo una nguvu kuliko muuzaji wa kesi ile. Lakini wewe una upungufu ambao yeye hakuwa nao: katika kesi ile palikuwa na kampuni ya pili iliyofanya kazi ya kumshawishi mnunuzi. Kwako hakuna wa pili. Pakiwa na pengo, hakimu huuliza limejazwa na nini, na dalali atasema limejazwa na yeye.

Hapo ndipo maneno kamili ya mkia yanapoweza kukuokoa au kukuzamisha. Ukikuta "mtu aliyeletwa na dalali", simama imara. Ukikuta "mtu aliyeletwa moja kwa moja au kwa njia nyingine yoyote", au "mtu huyo, jamaa yake au mwenye uhusiano naye", anza kuwa na wasiwasi, kwa sababu dalali aliyeandika hivyo alikuwa amekwisha kuumwa na shemeji wa mtu mwingine. Hata hapo bado kuna nafasi ya kubishana. Shemeji aliyekwenda kutazama kwa niaba ya mnunuzi, akampigia picha na kumrudishia habari, ni jicho la mnunuzi mwenyewe. Kumleta yeye kunakaribia sana kumleta mnunuzi. Shemeji aliyekwenda kwa haja yake, akaikataa nyumba, kisha miezi miwili baadaye akaitaja tu mezani watu wakiwa wanazungumza mengine, huyo ni maneno ya watu. Dalali hana hatimiliki ya maneno ya watu. Muulize mnunuzi wako ilikuwa ipi kati ya hizo, na umuulize kwa namna ambayo ungependa ajibu akiwa kizimbani, maana huenda akaulizwa.

Bango sasa. Kwa maoni yangu ndiyo karata kubwa ya dalali, kubwa kuliko ushemeji, na sijui kwa nini ameitaja ya pili. Bango ni tangazo lake. Mtu anayepita, akalisoma, akajua kutokana nalo kwamba nyumba inauzwa, amejulishwa na dalali hata kama hakumpigia. Wauzaji wengi hudhani kwamba mnunuzi akibisha hodi mwenyewe baada ya kuona bango, huyo ni mnunuzi wa binafsi. Mara nyingi sivyo. Lakini bango lina tarehe, na tarehe ndiyo ya kufukua. Liliondolewa lini? Kama liliondolewa mkataba ulipokwisha, na mnunuzi aliliona kabla, dalali ana hoja. Kama dalali aliliacha limening'inia wiki saba bila idhini yako na mnunuzi akaliona wiki ya sita, basi halikumleta mtu yeyote katika kipindi cha mkataba, na dalali anajaribu kuvuna shamba alilokwisha kulirudisha. Tafuta picha za simu. Watu hupiga picha za watoto getini bila kujua kwamba wanapiga picha ya ushahidi.

Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya anayedai. Kwa hiyo barua yako ya majibu, nayo uiandike wiki hii badala ya kunyamaza kama mumeo anavyotaka, iwe fupi na ya kuuliza: naomba nakala ya mkataba unaoutegemea, taja kifungu, nionyeshe kumbukumbu za watu uliowaleta na tarehe zake, nieleze ulimleta lini na vipi mtu aliyenunua. Usieleze upande wako. Usiandike "najua ulifanya kazi kubwa", hata kama ni kweli, wala usiahidi "tutaona". Ukitaka kujadiliana, na huenda ikafaa, mwache wakili wako atoe pendekezo kwa barua inayosema wazi kwamba ni ya mapatano tu na haikiri deni. Na kama fedha za mauzo bado ziko kwa wakili aliyesimamia uhamisho, mwandikie asimlipe dalali kutoka humo bila idhini yako ya maandishi. Hili ni dogo, lakini nimeona ubishi mzima ukipoteza maana kwa sababu fedha zilikwisha kukatwa.

Kuna wasomaji watakaojiuliza: na kama hakuna karatasi kabisa, mlipeana tu mkono? Inategemea uko wapi. Ufaransa, chini ya sheria yao ya tarehe 2 Januari 1970, dalali asiye na idhini ya maandishi kutoka kwa mteja hana kamisheni, hata awe alimleta mnunuzi kwa kumshika mkono. Waingereza ni wapole zaidi kwa dalali. Mwaka 2019 Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya mtu aliyekuwa na fleti saba zisizouzwa, akazungumza na dalali kwa simu, dalali akamtaja mnunuzi, zote saba zikauzwa kwa pauni milioni 2.1. Katika ile simu, dalali alitaja asilimia 2 bila kusema inalipwa jambo gani likitokea. Mahakama ikasema mkataba upo: kwa hali ya kawaida watu wote wawili wangeelewa kwamba kamisheni inalipwa mauzo yakikamilika, kutoka kwenye fedha za mauzo. Ila kwa kuwa sheria yao ya mwaka 1979 inamtaka dalali ampe mteja masharti kwa maandishi kabla hajajifunga, naye alichelewa, kamisheni ikapunguzwa kwa theluthi moja. Kwa hiyo yule anayesema "hatukuandika, basi hakuna kitu" asitembee kifua mbele, na dalali anayesema "tulielewana kwa mdomo" asitarajie yote.

Ukiniuliza leo, kabla sijauona ukurasa wa nyuma wa mkataba wako, ningesema hivi. Mkia ukiwa wa maneno mafupi na shemeji aliikataa nyumba kwa haja zake mwenyewe, huna deni, na ningekushauri usilipe. Mkia ukiwa mpana na shemeji alitumwa, lipa, au patana mapema wakati dalali bado anapendelea kupata kiasi sasa kuliko chote baada ya miaka miwili ya kesi. Katikati ya hayo liko bango.

Na kuna jambo moja katika maelezo yako ambalo hakuna kati yenu aliyelitilia maanani. Bango la dalali huwa na namba ya dalali. Mnunuzi wako alikupigia wewe. Namba yako aliipata wapi? Kama alipewa na jirani au mwenzako wa kazini, basi yupo mtu mwingine aliyemleta, na lile pengo nililolitaja limepata mtu wa kulijaza, asiye dalali. Kama alipewa na shemeji yake, tutataka kujua shemeji naye aliipataje, na kama ni wewe uliyempa siku ile alipokuja kutazama, dalali akiwa amesimama chumba cha pili. Mpigie mnunuzi umuulize hilo kabla hujaandika barua.